Kiboko wa Nani? Haki ya Anayelala Karibu na Maji

Kila mtu anayekaa Bujumbura anajua kwamba jua likizama, ufuko wa Ziwa Tanganyika una wenyewe wengine. Mchana ufuko ni wetu: wavuvi wanaanika ndagala, vijana wanacheza mpira mchangani, maharusi wanapiga picha. Usiku ni wa viboko. Hutoka majini mmoja mmoja au na watoto wao, hupanda ukingo, hutafuta nyasi. Wamezoeleka kuonekana Kinindo, Kibenga na kando ya barabara inayofuata ziwa. Upande wa Gatumba, karibu na mdomo wa mto Rusizi, wanaishi na watu kama majirani wasiosalimiana. Mgeni akimwona kiboko barabarani hutoa simu apige picha. Mwenyeji hutazama kwanza maji yako upande gani, kwa sababu anajua kwamba hatari kubwa ni kusimama kati ya kiboko na maji yake.

Ujirani huo una gharama. Wapo waliouawa, wapo waliobaki vilema, wapo walioamka asubuhi na kukuta shamba la mahindi limekuwa uwanja mtupu. Kila tukio likitokea, mazungumzo huwa yale yale. Wakazi husema: mnyama huyu ameua, naye auawe. Viongozi wa mitaa na maofisa wa mazingira hujibu: mnyama huyu analindwa na sheria, na ninyi ndio mliomfuata nyumbani kwake. Kisha kila upande hurudi kwake ukiamini kwamba umesema kweli, mpaka tukio lingine litokee.

Katika insha hii ninajadili swali lililomo ndani ya ugomvi huo: nani ana haki ya kuamua juu ya mnyama anayeua watu? Je, ni yule anayelala karibu naye, au ni serikali inayosema kwa niaba ya taifa zima? Jibu langu ni kwamba serikali ina haki ya kukataza kiboko asiuawe, lakini katazo hilo si la bure. Anayekataza amekopa. Amekopa usalama wa watu fulani wanaojulikana walipo, na asipoanza kulipa, katazo lake linabaki na nguvu ya sheria bila kuwa na haki ndani yake.

Nianze na hoja za wakazi. Hoja yao ya kwanza ni ya kujilinda, na ni ya zamani kuliko serikali yenyewe. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651, alieleza kwamba watu hukubali kutawaliwa kwa sababu moja kubwa: wanataka kulindwa. Kila mtu anaiacha haki yake ya kutumia nguvu apendavyo, na kwa kufanya hivyo anapata amani ambayo asingeipata peke yake. Tukilifuata wazo hilo hadi ufukweni kwetu, serikali inapomwambia mvuvi wa Gatumba asishike mkuki wala asitege mtego, haimnyang'anyi mkuki tu. Inachukua pia jukumu ambalo mkuki ulikuwa ukilibeba. Kama mvuvi huyo akibaki bila mkuki na bila ulinzi, mapatano yamevunjwa, na aliyeyavunja si yeye.

Inafaa kukumbuka kwamba Hobbes alilitoa jina la kitabu chake katika Biblia, kwenye kitabu cha Ayubu. Humo Mungu anamwonyesha Ayubu wanyama wawili wakubwa wa majini ambao binadamu hawezi kuwatiisha. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili inayosomwa makanisani kwetu waliwaita wanyama hao kiboko na mamba. Kwa hiyo katika Kiswahili dola ya Hobbes ni mamba, na msomaji wa Bujumbura halazimiki kwenda mbali ili aelewe maana yake. Mnyama mwenye nguvu kuliko watu wote anaweza kuwatisha maadui wao, na anaweza pia kuwala wao wenyewe. Tofauti iko katika kutimiza wajibu wake.

Hoja ya pili ya wakazi inasemwa vizuri na methali tunayoijua sote: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeandika amri hakai ufukweni. Kiboko hapandi mpaka Kiriri kilimani, wala hafiki kwenye ofisi za katikati ya mji. Hata miongoni mwa wanaokaa karibu na ziwa, hatari haigawanyiki sawa. Mwenye nyumba ya ukuta mrefu na gari hupita usiku akiwa amefunga vioo. Anayekutana na kiboko ni mzamu anayelinda lango la nyumba hiyo, ni kijana wa teksi-velo anayerudi amechoka, ni mama anayefua au kuchota maji alfajiri, ni mvuvi anayesukuma mtumbwi kabla hakujapambazuka, ni mchungaji aliyepeleka ng'ombe kwenye nyasi zile zile ambazo kiboko anazitaka. Tukisema kwamba "sisi" tumeamua kuishi na viboko, lazima tuulize ni nani hasa anayeishi nao ndani ya hilo "sisi".

Hoja hizo ni nzito. Hata hivyo, kutoka kwenye haki ya kujilinda hadi kwenye haki ya kumwinda mnyama kuna hatua ambayo wakazi mara nyingi huiruka. Mtu aliyevamiwa akampiga mnyama ili aokoe maisha yake au ya mwenzake amejilinda, na sioni mwenye akili atakayemlaumu. Lakini kundi linalotoka siku ya tatu baada ya msiba kwenda kutafuta kiboko halijilindi tena. Linalipiza kisasi, na mara nyingi haliwezi hata kujua kama linayemtafuta ndiye aliyeua. Viboko hawana sura tunazozitambua. Atakayepatikana wa kwanza ndiye atakayehukumiwa. Tena nyama ikishaanza kugawanywa, madai ya haki huchanganyika na njaa, na hapo ni vigumu kusema ni kipi kilichowatoa watu nyumbani.

Burundi ina mfano mashuhuri wa jambo hili, ingawa si wa kiboko. Ni mamba aliyepewa jina la Gustave, ambaye habari zake zilitoka Rusizi na fukwe za ziwa zikafika dunia nzima. Mfaransa Patrice Faye, aliyeishi hapa miaka mingi, alimfuatilia na kujaribu kumnasa akiwa hai kwa mtego mkubwa wa chuma, lakini hakufaulu. Filamu ya habari juu ya jaribio hilo ilitoka mwaka 2004. Watu husema kwamba Gustave ameua hata watu 300. Hakuna aliyewahi kuithibitisha hesabu hiyo. Ninachokiona mimi katika hadithi yake ni jinsi jina moja lilivyobeba makosa ya mamba wote. Mtu akipotea majini, Gustave ndiye aliyemla. Jina lilifanya hatari ionekane kana kwamba ina mwili mmoja, na kana kwamba mwili huo ukipigwa risasi, hatari itakwisha. Haikuwa hivyo, na haitakuwa hivyo kwa kiboko. Ukimwondoa dume mwenye eneo lake majini, dume jingine huja kulitwaa. Kilichowakutanisha mama na mamba ni kwamba mama hakuwa na bomba la maji karibu na nyumba yake, na bomba hilo haliletwi na bunduki.

Sasa niwasikilize maofisa. Wao pia wana hoja, na itakuwa si haki kuwachukulia kama watu wanaopenda wanyama kuliko binadamu. Hoja yao ya kwanza ni ya mipaka. Sehemu ya Rusizi ilianza kuhifadhiwa kama mbuga mwaka 1980, na mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya maeneo ya maji yenye umuhimu wa pekee. Sheria ya maji ya mwaka 2012 nayo inataka mita 150 kutoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika ziachwe bila majengo wala kilimo. Kiboko mmoja, mwenye uzito wa tani moja na nusu au zaidi, huweza kula kilo 40 za nyasi kwa usiku mmoja. Nyasi hizo zilikuwa kwenye ukanda huo. Mtu akijenga ukuta juu ya njia ya kiboko na akalima mboga mahali pa malisho yake, asishangae kumkuta mlangoni.

Hoja ya pili ni ya uchache. Tangu mwaka 2006 kiboko amewekwa na Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Hatuhitaji kwenda mbali kuona namna anavyoweza kutoweka. Ng'ambo, katika mbuga ya Virunga nchini Kongo, viboko wa Ziwa Edward na mito yake walikuwa zaidi ya 25,000 katika miaka ya 1970. Vita, wanajeshi, makundi yenye silaha na biashara ya nyama na meno viliwamaliza, hata katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Wavuvi wa Vitshumbi, waliokuwa miongoni mwa majirani wa viboko hao, walilalamika baadaye kwamba samaki wamepungua, na wengi wao waliuhusisha upungufu huo na kutoweka kwa viboko, ambao samadi yao hulisha viumbe vidogo vinavyoliwa na samaki. Kupungua kwa samaki kuna sababu nyingi, uvuvi haramu ukiwa mmojawapo, lakini wavuvi hao walikuwa wameliona jambo la kweli: mnyama tunayemwona mharibifu nchi kavu anaweza kuwa mlishaji majini.

Hoja ya tatu inasemwa mara chache na maofisa, nayo ndiyo ninayoiona kuwa ya ndani zaidi. Kiboko si mali yetu peke yetu. Anatembea kati ya Burundi na Kongo bila kuulizwa kitambulisho, na wajukuu wetu watakuwa na haki ya kumkuta. Katika mitaa kama Buyenzi, ambako Kiswahili kimelelewa mjini hapa, wazee wana neno linalofaa: amana. Aliyepewa amana hakatazwi kuitumia kwa uangalifu, lakini hawezi kuimaliza kana kwamba ni yake. Qurani nayo inawataja wanyama kuwa ni umma kama sisi tulivyo umma. Mkristo na Mwislamu wa mtaa mmoja wanaweza kutofautiana kwa mengi, lakini wote wawili wamefundishwa kwamba mnyama hakuumbwa na binadamu, na kwa hiyo si wa kufutwa na binadamu kwa hasira ya wiki moja.

Nakubali hoja zote tatu. Hata hivyo, nikizitazama kwa makini, naona kwamba haziwafikishi maofisa pale wanapotaka kufika. Zinaonyesha kwa nini viboko wasimalizwe. Hazionyeshi kwa nini gharama ya kutowamaliza ilipwe na mzamu na mvuvi. Na neno amana lenyewe linawageukia wanaolitumia, kwa sababu amana ya taifa zima haiwezi kutunzwa kwa miguu ya watu wachache.

Tena hoja ya mipaka imepata mtihani mkubwa katika miaka hii. Tangu mwaka 2018 hivi maji ya Ziwa Tanganyika yamekuwa yakipanda. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga kule Kalemie, kwa hiyo mvua kubwa za nchi nne zikiingia hujikusanya. Mwezi Mei 2024 maji yalikaribia kabisa kiwango cha mwaka 1964, ambacho wazee walikuwa wakikisimulia kama hadithi. Bandari ilifurika, nyumba za Kibenga na Gatumba ziliingia majini, familia nyingi zikahama. Viboko na mamba waliyafuata maji hayo hadi kati ya nyumba. Sasa tukiwaambia watu wa huko kwamba wamemfuata kiboko nyumbani kwake, tunasema nini? Mita 150 huhesabiwa kutoka ufukweni, na ufuko umehama. Aliyejenga mbali akiheshimu sheria ameamka akiwa ndani ya ukanda uliokatazwa bila kusogeza hata tofali moja. Sheria iliyotungwa kana kwamba ziwa limesimama haiwezi kutumiwa kumlaumu mtu aliyefuatwa na ziwa.

Na swali la nani alitangulia halitufikishi mbali hata kabla ya mafuriko. Ni kweli kwamba viboko walikuwako kabla ya Wajerumani kuweka kituo chao hapa mwishoni mwa karne ya 19, kituo kilichozaa mji huu. Lakini kama kutangulia ndiko kunakotoa haki, basi mji mzima uhame, pamoja na ofisi zinazotoa onyo. Hakuna anayedai hivyo. Tunachagua kuitumia hoja ya kutangulia dhidi ya wale tu walio rahisi kuambiwa wahame. Mtoto aliyezaliwa Gatumba hakuchagua kuzaliwa huko, na mvuvi hawezi kuvua ndagala akiwa Kamenge.

Hapa ndipo majirani zetu wanapotusaidia kufikiri, kwa sababu wameliandika deni hili ndani ya sheria. Kenya, kwa sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliweka fidia ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini. Kiasi ni kikubwa, lakini familia nyingi zimelalamika kungoja miaka bila kulipwa. Deni lililokubaliwa kwenye karatasi halijawa deni lililolipwa. Tanzania ilichukua njia nyingine. Kanuni zake za mwaka 2011 hazisemi fidia. Zinasema kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa aliyefiwa. Kifuta machozi kwa kifo kilikuwa shilingi milioni 1 za Tanzania.

Nimeyafikiria sana maneno haya mawili, fidia na kifuta machozi, kwa sababu sisi wanafunzi wa lugha tunajua kwamba jina hubeba uamuzi. Fidia inadai kwamba kilichopotea kinaweza kurudishwa kwa thamani yake. Juu ya uhai wa mtu, dai hilo ni la uongo, hata kama fedha ni nyingi. Kifuta machozi kinasema kweli zaidi: kinakiri kwamba hakuna malipo yanayotosha, na kwamba anayetoa amekuja msibani kama jirani anavyokuja. Lakini upole huo una hatari yake. Jirani aliyekuja msibani hana kosa, na akitoa kidogo hushukuriwa. Serikali iliyomkataza marehemu asijilinde si jirani wa kawaida. Imo ndani ya habari ya kifo hicho. Ingefaa iwe na unyenyekevu wa kifuta machozi pamoja na wajibu wa fidia: ikiri kwamba haiwezi kurudisha, na ikiri pia kwamba inadaiwa.

Uganda inatupa mfano wa aina nyingine. Kule Luganga, kando ya Ziwa Victoria, palikuwa na mamba aliyeitwa Osama, ambaye inasemekana aliua watu zaidi ya 80. Mwaka 2005 maofisa wa wanyamapori walimnasa akiwa hai wakisaidiwa na wanakijiji, wakampeleka kwenye shamba la kufuga mamba. Wako waliotaka auawe palepale. Kwangu somo kubwa ni kwamba maofisa walikuja. Walikesha, walivuta kamba pamoja na watu wa kijiji, na siku ile katazo la kumuua lilikuwa na mikono. Katazo la namna hiyo mtu anaweza kulikubali hata kama hajalipenda.

Na tusidhani kwamba ugomvi huu ni wa nchi maskini au wa watu wasiosoma. Huko Ulaya wamegombana kwa miaka mingi juu ya mbwa mwitu. Nchini Ufaransa wanyama hao walirudi mwaka 1992 wakitokea Italia, wakakuta milima yenye kondoo na sheria inayowalinda. Wafugaji hulipwa kondoo wanapouawa, lakini bado wanasema kile kile kinachosemwa Gatumba: wanaompenda mbwa mwitu wanakaa mjini. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulimshusha daraja la ulinzi ili nchi ziweze kumwinda kwa urahisi zaidi. Nchi tajiri, zenye fidia na uzio na mbwa wa kulinda mifugo, zimeshindwa kuumaliza ugomvi huu kwa fedha peke yake. Nadhani ni kwa sababu wafugaji walitaka pia kusikilizwa kabla ya uamuzi, si kulipwa baada yake tu.

Najua mtapinga, na pingamizi tatu zinastahili kujibiwa. Ya kwanza: watu wakijua watalipwa, hawatajihadhari. Labda hilo linaweza kusemwa juu ya mahindi. Siwezi kuamini kwamba kuna mama atakayejipeleka kwa mamba kwa sababu watoto wake watalipwa. Ya pili: wapo wanaovunja sheria kwa makusudi, wanaojenga ndani ya ukanda wakijua, mara nyingine wakiwa na fedha na marafiki. Hao waondolewe, na waondolewe wao kwanza, kabla ya kumfukuza mwenye kibanda. Kosa la mtu halimfanyi astahili kuuawa na mnyama, lakini linaweza kumfanya asistahili kulipwa ukuta wake.

Pingamizi ya tatu ndiyo ngumu: nchi yetu haina fedha. Inalea mahitaji mengi, na hakuna waziri atakayetoa hospitalini apeleke kwa walioliwa mahindi. Nakubali. Lakini deni hili si la fedha tu, na sehemu yake kubwa ni nafuu. Bomba la maji katika mtaa wa ufukweni humwondoa mama kwenye meno ya mamba. Taa chache kwenye njia za wapita usiku humwonyesha mzamu kilicho mbele yake. Njia za nyasi zikiachwa wazi kati ya nyumba na maji, kiboko hula na kurudi bila kupita uani kwa mtu. Namba ya simu inayopokelewa saa nane za usiku na ofisa anayefika akiwa na vifaa vya kumrudisha mnyama majini vingebadilisha maana ya neno "analindwa". Leo neno hilo linasikika ufukweni kama linahusu kiboko peke yake. Na pale ambapo mnyama fulani, aliyetambuliwa kwa hakika, ameshindikana kurudishwa na anaendelea kuua, serikali inayoheshimu amana inaweza kuamua yenyewe kumwondoa, kwa mikono ya waliofunzwa, bila karamu ya nyama.

Nani basi aamue lini tumefika hapo? Burundi ina urithi wake katika kuamua magomvi. Wabashingantahe, wazee waliokabidhiwa fimbo ya haki, husikiliza pande zote mbili mbele ya watu kabla ya kutoa neno, na haifai mmoja wao aamue kesi iliyo yake. Katika ugomvi wa viboko kanuni hiyo inavunjwa kila siku. Ofisa aliyekataza ndiye anayesikiliza malalamiko juu ya katazo lake. Mkazi aliyefiwa ndiye anayetaka kuwa hakimu wa mnyama. Wote wawili ni wenye kesi. Ningependa pawe na baraza la ufukweni ambamo wavuvi, wazamu, wakulima na kina mama wanakaa pamoja na maofisa wa mazingira na watu wa komini, na mtu mwingine asiye na shamba wala cheo katika jambo hilo ndiye anayeendesha kikao. Baraza hilo lisikutane siku ya msiba tu, wakati maneno yote yamekwisha kuwa kilio au onyo. Likutane kiangazi, maji yakiwa yameshuka, watu wakiweza kuonyeshana kwa kidole njia za viboko zinapita wapi.

Katika kikao hicho kiboko hatakuwa na sauti, na hilo ndilo jukumu halali la ofisa: kumsemea asiyeweza kusema. Ninachompinga ofisa ni kusema kwa niaba ya kiboko na kwa niaba ya watu kwa pamoja, kisha kutumia sauti ya kwanza kuinyamazisha ya pili. Mimi ningetaka viboko wabaki Bujumbura. Mji ambao usiku wake bado una mnyama mkubwa kuliko gari ni mji wenye kitu ambacho Nairobi na Kampala haziwezi kukinunua. Lakini ninayasema haya nikiwa mtu ambaye habebi mtumbwi alfajiri. Kwa hiyo matakwa yangu hayatoshi kuwa sheria mpaka mimi na wenzangu tunaoyatamka tukubali kuchangia bomba, taa na ofisa wa usiku, katika kodi zetu na katika kura zetu. Tukikataa kuchangia, tuache angalau kumwita mvuvi wa Gatumba adui wa mazingira. Mpaka leo yeye ndiye aliyeyalipia zaidi kuliko sisi sote.